Hindi moja, baba tele: mbegu inavyoundwa, na kwa nini ya haibridi hairudiwi

Msimu wa kuvuna ukifika Bungoma, Kakamega au pande za Njoro, hakosi mtu wa kumenya hindi jeupe akakuta punje nne tano za njano zimejibanza katikati, pengine na moja ya zambarau. Siku hizi hindi hilo hupigwa picha, hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na kabla ya jua kutua lishapewa jina: GMO. Baraza la Mawaziri la Kenya liliondoa Oktoba 2022 marufuku ya GMO iliyokuwa imewekwa Novemba 2012, kesi zikafuata mahakamani, na tangu hapo kila hindi lenye madoa ni mshukiwa. Atatokea wa pili aseme ni mbegu feki kutoka kwa agroveti. Wa tatu ataapa kwamba mbegu za siku hizi "zimefungwa" zisizae tena, ndiyo maana kila mwaka lazima ununue.

Watatu hao wangeacha kubishana kama wangekata punje moja wakatazama ndani.

Kwanza maneno. Chavua ni ule unga wa njano unaomwagika kutoka kwenye mbelewele, yaani ua la dume lililo kileleni mwa muhindi. Kiinitete ni mmea mchanga uliolala ndani ya mbegu. Endospamu ni chakula alichofungiwa mtoto huyo. Jeni ni agizo moja linalorithiwa, mfano "punje iwe ya njano", na maagizo hayo hupangwa kwenye nyuzi ziitwazo kromosomu. Muhindi una kromosomu 20, yaani jozi 10. Katika kila jozi, moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Haibridi, au chotara, ni mtoto wa wazazi wa koo mbili tofauti walioozeshwa makusudi. GMO ni mmea ulioingiziwa jeni maabarani. Haya mawili ya mwisho huchanganywa kila siku. H611, haibridi iliyotoka Kitale mwaka 1964, ilitangulia uhandisi wa jeni kwa miaka mingi: ni chavua ya huku kukutana na nywele za kule, basi.

Wembe na punje iliyolowekwa

Loweka punje usiku kucha. Asubuhi ilaze ubavu wake wenye alama nyeupe ya mviringo ukitazama juu, kisha ipasue katikati kwa urefu kwa wembe mpya. Utaona ngozi nyembamba nje. Ndani yake ni unga mwingi mgumu, hiyo ndiyo endospamu, na huchukua zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa punje. Upande mmoja, kuelekea kitako ambapo punje ilishikana na gunzi, kuna kitu kama ulimi mdogo wenye rangi ya malai. Hicho ni kiinitete, kama sehemu moja ya kumi ya uzito. Ukiwa na macho mazuri utaona ncha mbili ndani yake: ya juu ni chipukizi, ya chini ni mzizi. Chipukizi hilo tayari lina majani matano hivi yaliyokunjwa, moja ndani ya jingine, kabla mbegu haijaonja udongo. Dondosha tone la iodini kutoka duka la dawa: endospamu itageuka buluu-nyeusi kwa sababu ni wanga, kiinitete kitabaki karibu na rangi yake.

Mafuta ya mahindi yako humo kwenye kiinitete. Kiwanda cha unga laini hukiondoa ili unga ukae muda mrefu; posho mill husaga vyote pamoja, ndiyo maana unga wake una ladha zaidi na huchacha upesi.

Sasa jambo ambalo halionekani kwa wembe. Sehemu hizo tatu hazina nasaba moja. Ngozi ni mwili wa mama mtupu, baba hana lake pale. Kiinitete ni nusu kwa nusu. Endospamu ni ya ajabu: ina sehemu mbili za mama na moja ya baba.

Nywele moja, punje moja

Kila unywele unaoning'inia kwenye hindi changa umeungana na kijifuko kimoja chenye yai. Hindi linaweza kuwa na vijifuko karibu elfu moja, ingawa tunavuna punje 400 hadi 600 hivi. Mbelewele moja humwaga mamilioni ya chembe za chavua, na kila chembe huishi kwa muda mfupi. Jua kali likiwaka huenda isimalize saa mbili. Ikitua kwenye unywele wenye unyevu huchomoza mrija unaopenya na kushuka ndani ya unywele huo mpaka kwenye yai, safari ya kama siku moja.

Mrija huo hubeba mbegu za kiume mbili, si moja. Ya kwanza huungana na yai, likawa chanzo cha kiinitete chenye kromosomu 20. Ya pili huungana na viini viwili vya mama vilivyo jirani na yai, ikawa endospamu yenye kromosomu 30. Sergei Nawaschin ndiye aliyeliona jambo hili kwa mara ya kwanza, kwenye maua ya yungiyungi, mwaka 1898. Kwa hiyo mtoto na chakula chake hutungwa siku moja, na baba mmoja, lakini kwa hesabu tofauti. Hesabu hiyo ya mbili kwa moja si pambo. Ikivurugika, endospamu hukua vibaya na punje husinyaa.

Kwa kuwa kila unywele hupokea chavua yake, na chavua huletwa na upepo, hindi moja lina mama mmoja na baba wengi. Punje mbili zilizokaa bega kwa bega zinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja wenye baba wawili wa mashamba mawili.

Hapo ndipo jibu la punje za njano. Weupe wa mahindi yetu hutokea jeni ya unjano isipofanya kazi. Muhindi mweupe huweka sehemu mbili nyeupe kwenye endospamu. Chavua ya shamba la jirani aliyepanda mahindi ya njano huongeza sehemu moja ya njano, na hiyo moja yatosha kuipa punje rangi. Kwa kuwa ni moja kati ya tatu, unjano wake huwa hafifu kuliko wa hindi la njano lililozaliwa kwa wazazi wa njano. Liangalie hindi lako tena na utauona upungufu huo. Zambarau nayo iko kwenye tabaka la juu kabisa la endospamu, chini tu ya ngozi, kwa hiyo nayo huweza kuletwa na baba msimu huohuo.

Kuna kanuni rahisi ya kusoma hindi. Rangi iliyotawanyika punje hapa punje pale huwa imeletwa na chavua. Rangi iliyolifunika hindi zima, kama wekundu wa ngozi, ni ya mama. Na punje yenye madoa au michirizi kama kitenge ina jeni zinazohama kutoka mahali pamoja kwenda pengine ndani ya kromosomu. Barbara McClintock aligundua hilo kwa kuchunguza mahindi ya madoa, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Hakuna lolote kati ya haya linalothibitisha GMO. Jeni ya Bt, ile inayoua viwavi, haina rangi, na huwezi kuitambua kwa macho hata ukishika hindi mchana kweupe. Inahitaji kipimo.

Mahali ambapo mchanganyiko wa chavua hudhuru kweli ni kwenye mahindi yaliyoboreshwa protini. Ubora wake hutegemea jeni ambayo ni lazima iwepo katika sehemu zote tatu za endospamu. Chavua ya mahindi ya kawaida ikiingia, punje hiyo hupoteza ubora msimu uleule, na kwa sufuria hutaona tofauti. Mwenye kuyalima ajitenge kwa umbali wa mita 200, au apishane na jirani kwa wiki nne hivi za kupanda ili maua yasikutane.

Hindi lenye mapengo

"Mbegu ilikuwa feki" ndiyo lawama ya kwanza hindi likitoka na mapengo, na mara nyingi mbegu haina kosa. Pengo ni unywele ambao haukupata chavua, au yai lililotungwa likafa njaa. Ukame ukiingia wakati wa kuchanua, mbelewele hutoka kwa wakati wake lakini nywele huchelewa. Zinapojitokeza chavua imekwisha. Viwavijeshi vamizi nao hukata nywele. Nywele za kitako cha hindi hutoka kwanza na za ncha mwisho, kwa hiyo ncha tupu mara nyingi husema chavua ilikwisha mapema au mbolea na maji havikutosha, na punje zilizotawanyika ovyo husema uchavushaji ulivurugika tangu mwanzo. Mwenye kishamba kidogo asipande mstari mmoja mrefu kando ya ua. Apande mraba wa mistari minne au zaidi, la sivyo upepo utabeba chavua yote kwa jirani.

Kipimo cha kujua mapema hakina gharama. Siku tatu nne baada ya nywele kuanza kukauka, chukua hindi moja, pasua maganda kwa kisu kutoka kitako hadi ncha, yaondoe taratibu usivute nywele, kisha litikise. Unywele wa punje iliyotungwa hudondoka. Ule unaong'ang'ania haujatungwa.

Mtoto anavyolelewa

Yai lililotungwa hugawanyika katika sehemu mbili zisizolingana. Seli ndogo ya juu ndiyo itakayokuwa mmea. Ya chini hutengeneza kikonyo cha kumning'iniza mtoto na kumpitishia chakula mwanzoni, kisha hufa. Endospamu haingoji. Ndani ya siku tatu hivi huwa na viini mia kadhaa vinavyoelea katika maji bila kuta, halafu ndipo kuta hujengwa. Mtu wa Kisumu aliyewahi kunywa dafu Mombasa ameionja hali hiyo: maji ya dafu ni endospamu isiyo na vyumba bado, na nyama ya nazi ni endospamu iliyokwisha kujengwa.

Ndiyo maana punje ya siku 12 ukiibinya hutoa maji, ya siku 20 hutoa maziwa, ikielekea mwezi ni kama uji mzito. Mwisho, kama siku 60 baada ya nywele kutoka, na zaidi kwenye baridi ya nyanda za juu, safu nyeusi hujitokeza kwenye kitako cha punje. Kwangua kwa ukucha utaiona. Mama amefunga bomba. Punje bado ina unyevu wa asilimia 30 hivi, lakini haipati tena hata tone la sukari.

Wakati huo homoni iitwayo asidi ya absisiki humwambia kiinitete alale, naye hujitayarisha kukauka bila kufa. Usingizi wa mahindi ni mwepesi. Mvua ikinyesha kwenye hindi lililokomaa na maganda yamefunguka, punje huota zikiwa bado kwenye gunzi. Ngano ya Njoro hupatwa na balaa hilohilo ikinyeshewa kabla ya kombaini kufika, na unga wake huharibu mkate.

Kinyume cha punje ya mahindi ni mbegu ya kayongo, ile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi Nyanza na Magharibi. Ni kama vumbi, karibu haina akiba. Kwa hiyo haithubutu kuota mpaka isikie kemikali ya mzizi wa muhindi pembeni, na inaweza kungoja udongoni zaidi ya miaka kumi.

Kwa nini haibridi hairudiwi

Mtaalamu wa kuzalisha mbegu huchukua ukoo mmoja akauchavusha wenyewe kwa wenyewe vizazi kadhaa mpaka mimea yake yote ifanane. Inakuwa mifupi, dhaifu, ya kusikitisha, kwa sababu jeni mbovu zilizokuwa zimejificha zimekutana. Hufanya hivyo kwa ukoo wa pili pia. Akiwaozesha, kasoro ya huyu hufunikwa na uzima wa yule, na mtoto huwashinda wazazi wote wawili. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya siri ya nguvu za haibridi. Kuna haibridi za wazazi wawili, za watatu na zaidi, lakini mantiki ni hiyo.

Mashamba ya mbegu Trans Nzoia hupanda, kwa mfano, mistari minne ya mama na miwili ya baba. Vibarua hupita kila siku kung'oa mbelewele za mistari ya mama kabla hazijamwaga chavua. Ukisahaulika mmea mmoja, utawachavusha dada zake, na punje hizo zikifika shambani kwako zitaota vimea vifupi vilivyosimama kama yatima kati ya wenzao. Kazi hiyo ya mikono ni sehemu ya bei unayolipa.

Sasa hesabu. Chukua jeni kumi tu ambazo mama na baba wanatofautiana. Haibridi ya kwanza ina mchanganyiko kwenye zote kumi, kila mmea, ndiyo maana shamba husimama kama gwaride. Mimea hiyo ikichavushana, kila jeni ina nafasi nusu ya kubaki na mchanganyiko. Kata nusu mara kumi mfululizo, utapata moja katika 1,024. Ekari moja kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25 hubeba mimea kama 21,500, kwa hiyo mimea 21 tu ndiyo itakayofanana na ile uliyonunua kwa jeni hizo kumi. Na jeni za mavuno ni nyingi kuliko kumi. Shamba hurudi na warefu, wafupi, wanaowahi na wanaochelewa, na magunia hupungua. Anguko ni kali zaidi kwa haibridi ya wazazi wawili, na hupoa kadiri wazazi walivyokuwa wengi.

Wengi hushangaa: mbona mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri, na mbegu ni hizohizo? Si hizohizo. Punje unayovuna kwenye haibridi tayari ni kizazi cha pili. Ukubwa wa hindi uliamuliwa na mama yake, mmea wa kizazi cha kwanza. Kwa nyoyo (githeri) na ugali punje hiyo haina neno. Shida huanza ukiipanda.

Ipo pia desturi ya kutupa punje za ncha na za kitako na kupanda za katikati. Ni desturi nzuri kwa kuwa punje zenye ukubwa sawa huota pamoja, lakini haibadilishi urithi: punje za ncha na za katikati zina mama mmoja. Mwenye kutunza mbegu ya kienyeji, au ile iliyotengenezwa kwa kuchavushana huru kama Katumani, achague mimea shambani ikiwa imesimama, katikati ya shamba mbali na jirani, na achukue punje kidogo kutoka mahindi mia moja au mia mbili. Kuchukua mbegu yote kwenye mahindi matano makubwa ni kuozesha ndugu kwa ndugu.

Na ile ya mbegu "iliyofungwa"? Ina chanzo. Mwaka 1998 ilitolewa hataza Marekani ya mbinu ya kuua kiinitete cha kizazi cha pili. Mbegu hiyo haikuwahi kuuzwa kwa mkulima yeyote, na Mei 2000 nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai, zikikutana Nairobi kwetu, zilipendekeza isiruhusiwe. Haibridi ukiirudia huota vizuri kabisa. Isipoota, tazama ghala lako.

Maharagwe yana habari nyingine. Ua la haragwe hujichavusha kabla halijafunguka, kwa hiyo mtoto wa haragwe la aina ya Wairimu ni Wairimu, wa Nyayo ni Nyayo, na kurudia mbegu si kosa la urithi. Kinachoharibu ni magonjwa yanayosafiri ndani ya mbegu. Usitoe mbegu kwenye maganda yenye madoa meusi yaliyozama. Parachichi ni kinyume: kokwa la Hass halitoi Hass, lazima upandikize. Limau kali la kuotesha vishina vya kupandikizia hufanya jambo la tatu, mbegu moja ikatoa miche miwili au mitatu, kwa sababu baadhi ya viinitete humea kutoka mwili wa mama bila baba kabisa.

Kiinitete hufa kimyakimya

Kupukuchua kwa kupiga gunia kwa fimbo ni sawa kwa mahindi ya kula. Kwa mbegu ni mauaji: kiinitete kimekaa karibu na ngozi, na ufa mdogo hukata mzizi kutoka kwa ghala lake. Mbegu ipukuchuliwe kwa mkono. Isianikwe juu ya mabati ya moto. Joto likipita nyuzi 40 kiinitete huanza kufa, na punje kwa nje inang'aa vilevile. Kausha mpaka asilimia 13 au chini. Bila mashine, changanya punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, ngoja dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana ubavuni, unyevu bado umepita 15. Dumuzi, huyo anayeitwa Osama, na fukusi hutoboa endospamu; punje yenye tundu huenda ikaota ikiwa kiinitete ni kizima, lakini mche wake hauna akiba ya kusukuma udongo uliogandamana.

Kwa mbegu ya kununua, kwangua kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mbegu na afya ya mimea, na utume namba kwa 1393 kabla hujafungua pakiti. Kisha, ya kununua au ya kwako, hesabu punje 100, zipange kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka ndani ya sahani iliyofunikwa, nyunyizia kila jioni. Siku ya saba fungua. Zikiota 90 na zaidi, panda punje moja kwa shimo. Zikiwa 75, ongeza mbegu. Chini ya 60 saga unga, mradi haikupakwa dawa. Punje iliyovimba ikaota ukungu ilikufa zamani. Iliyotoa mzizi bila chipukizi, au chipukizi bila mzizi, ilipigwa fimbo au ilichomwa na mabati. Hiyo nayo usiihesabu kati ya zilizoota.